Mshubiri na Subira

Lugha yetu ina maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja yakalelewa nyumba mbili, nayo yamekaa mbalimbali kwa muda mrefu kiasi kwamba wasemaji wengi hawajui kuwa ni ndugu. La kwanza ni subira. La pili ni shubiri, ule utomvu wa manjano unaochuruzika jani la mshubiri linapokatwa, ambao uchungu wake umekuwa kipimo cha uchungu wote. Katika Kiarabu, yalikotoka, yote mawili yamejengwa juu ya mzizi mmoja wa konsonanti tatu: swadi, ba na ra. Sabr ni uvumilivu. Sabir ni shubiri. Washairi wa Kiarabu wameuchezea undugu huo tangu kale. Sisi tuliyapokea maneno hayo kwa milango miwili: lililo la moyo likabaki na sauti ya S, lililo la mmea likachukua SH, ingawa wapo wanaoliita subili. Baada ya hapo kila moja likashika njia yake. Shuleni, subira iliwekwa kwenye kipindi cha methali na shubiri kwenye kipindi cha tashibiha, na baina ya vipindi hivyo viwili kulikuwa na kengele.

Nimeyakutanisha tena kwa sababu ya chungu kilicho barazani kwangu. Nasema chungu cha udongo, chenye wingi wa vyungu. Lakini msomaji wa ukumbi huu atakuwa ameshaona kwamba Kiswahili kimenitegea mtego, kwani kilichomo ndani ya chungu hicho nacho ni chungu. Lugha ina ucheshi wake, hata pale ambapo sisi hatuna.

Naishi Dodoma, ambako mwaka wa kawaida huleta mvua ya kati ya milimita 500 na 600, na karibu yote hushuka baina ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya vumbi, upepo na mgao wa maji. Nilipostaafu nilitaka maua, kama mtu yeyote aliyeota kukaa barazani bila rundo la madaftari ya kusahihisha. Mawaridi aliyoniletea binti yangu kutoka Lushoto yalidumu hadi Agosti. Ndipo jirani yangu, mama mmoja wa Kigogo ambaye uani kwake hakukosi kitu cha kijani hata Oktoba, aliponiletea chipukizi la mshubiri limefungwa katika gazeti. “Hili halitakusumbua, mwalimu,” alisema. “Wewe lisahau tu.”

Leo ninayo mishubiri 14. Mingi ni ile ya majani ya kijivu yenye maua ya manjano, ambayo asili yake wataalamu wanaitaja kuwa ni Bara Arabu, hasa milima ya kaskazini ya Oman. Mitatu ni ya kwetu, yenye majani mapana yenye madoadoa meupe na maua mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa. Hiyo niliinunua kwenye bustani ya miche, wala sikuing'oa porini. Naomba msomaji naye asiing'oe. Mishubiri ya porini inalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES pindi inapouzwa nje ya mipaka, na aina iliyoachwa huru ni ile ya majani ya kijivu peke yake, kwa kuwa hiyo hupandwa mashambani duniani kote.

Ushauri wa jirani yangu ulikuwa sahihi kwa mtu anayejua nini cha kusahau na nini cha kukumbuka. Mshubiri hautaki udongo mzuri, kwa maana ambayo mkulima wa mahindi angelitumia neno hilo. Unataka udongo usioshika maji. Mimi huchanganya mchanga wa korongoni, ule wenye punje kubwa, sehemu mbili, na udongo mwekundu sehemu moja, kisha naongeza konzi ya vipande vya mkaa na samadi kidogo ya mbuzi iliyokwisha kuoza na kukauka. Chungu lazima kiwe na tundu chini. Vyungu vya kupikia vilivyopasuka ukingoni, ambavyo zamani tungevitupa, vinafaa mno kwa kazi hii, kwa sababu udongo wake haukupakwa rangi na hivyo hupumua. Toboa chini kwa msumari na subira, weka vigae juu ya tundu, na kazi imekwisha. Ndoo za plastiki hazinipendezi, ingawa nakiri kuwa mmea wenyewe haulalamiki sana.

Maji ndiyo elimu yote. Wanaoua mishubiri huiua kwa wema: kikombe kila asubuhi, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Mizizi haipati nafasi ya kukauka, shina linalainika, majani ya chini yanageuka rangi ya maji na kuwa mororo, na unapoligusa shina unasikia harufu ya kitu kilichooza. Ikifika hapo, dawa ni kisu: kata juu ya pale palipooza, acha kidonda kikauke kivulini, panda upya. Utaratibu unaofaa ni kunywesha kwa ukarimu hadi maji yatokee tunduni, kisha kuacha kabisa mpaka udongo uwe mkavu hadi chini. Mimi hutumia kijiti cha mshikaki: nakichomeka mpaka kina cha kidole kirefu, nakichomoa, na kikitoka na udongo umegandamana basi si siku yake. Mwezi wa Juni na Julai, usiku wetu unapokuwa wa baridi, hunywesha mara moja kwa wiki tatu. Oktoba, jua linapochoma, hupunguza muda uwe siku 10 au 14. Mvua zikianza, vyungu vyote hukaa chini ya paa.

Kuhusu jua kuna neno moja tu. Mmea uliotoka kivulini usitupwe juani siku hiyohiyo, kwani majani yake yatageuka rangi ya kutu. Usogeze kidogokidogo, wiki hata wiki. Na wale wadudu weupe wanaofanana na nyuzi za pamba, wanaojificha kwenye makwapa ya majani, hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Ukiwaona wawili, jua wako ishirini.

Sasa nirudi kwenye neno, maana ni mmea ulionirudisha humo.

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kila vitundu vinapofunguka, maji ya mmea hutoka pamoja na pumzi yake. Mshubiri haufanyi hivyo. Jua likiwa kali, vitundu vyake vimefungwa. Usiku hewa inapopoa hufunguka, mmea ukavuta ile hewa na kuiweka akiba ndani yake katika umbo la asidi. Kunapokucha milango hufungwa tena, na mchana kutwa mmea hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua na akiba ya usiku. Mwanzoni mwa karne ya 19, Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akiishi India, aliieleza tabia hii baada ya kuionja kwa ulimi wake: majani ya mmea mwingine wa aina hii ya majani manene yalikuwa makali asubuhi, na kufikia adhuhuri hayakuwa na ladha. Ile asidi ilikuwa imetumika.

Sisi tunaofunga Ramadhani tunaijua ratiba hiyo bila kufundishwa. Mchana kinywa kimefungwa, usiku hufunguliwa. Na mwezi wenyewe, katika mapokeo, huitwa mwezi wa subira. Nilipokwenda kuitafuta maana ya ule mzizi wa Kiarabu, nilikuta wanaleksikografia wa zamani wakieleza kwamba asili yake ni kuzuia, kufunga, kujifungia. Mwenye subira ni yule aliyeizuia nafsi yake. Katika maana hiyo ya kwanza hamna saa wala foleni. Kinachotajwa ni mlango, na mwenye kuushika mlango huo ni wewe.

Hapa ndipo moyo wangu ulipoanza kupata moto, kwa sababu mwaka niliostaafu ndio mwaka nilioanza kuambiwa “subiri” kila wiki.

Miaka mitatu kabla ya kustaafu nilipandishwa daraja. Barua ninayo, ina saini na muhuri. Mshahara haukupanda. Na kwa kuwa pensheni hukokotolewa kwa kuangalia mshahara, pengo lile halikubaki kazini. Lilinifuata nyumbani na linakula nami kila mwezi. Nikaandika dai la malimbikizo na kulipeleka kwenye ofisi inayohusika, ambayo sitaitaja. Dirishani kulikuwa na kijana mwenye adabu.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Lile faili langu limefikia wapi?”

“Bado linashughulikiwa, mwalimu. Wewe subiri tu. Si ndiyo ninyi mliotufundisha, subira huvuta heri?”

Alisema kwa tabasamu, wala hakuwa na ubaya. Lakini njiani kurudi nyumbani, ndani ya daladala, niliichambua sentensi ile kama ninavyochambua insha. Methali hiyo ni ya mtu kujiambia mwenyewe, au kuambiwa na mtu anayekaa naye katika shida ileile: mama kwa mwanawe, mgonjwa kwa mgonjwa mwenzake. Ikitoka kinywani mwa yule anayekusubirisha, inabadilika kuwa kitu kingine. Maneno hayakubadilika hata silabi moja, lakini msemaji alikuwa amehama upande.

Kisha kuna hicho kitenzi chenyewe. Kiswahili kinayo maneno ya kutosha kwa hali hii. Tunangoja basi. Tunamngojea mgeni. Tunavumilia maumivu. Tunastahimili mzigo au mtu. Kusubiri, kwa asili yake, kulikuwa ni kuwa na subira, yaani lile tendo la kuifunga nafsi isitawanyike. Leo kimefanywa kuwa ngoja iliyovaa koti. Ofisini hawakuambii “ngoja” kwa kuwa inasikika kama amri ya mlinzi wa geti. Wanakuambia “subiri”, nawe unaondoka ukiwa umenyimwa kwa heshima. Sisemi tukirudishe kitenzi hicho nyuma. Lugha hairudishwi nyuma kwa makala. Nasema tu kwamba nomino imebaki na utu wake, ilhali kitenzi kimeajiriwa dirishani.

Ubeti huu niliuandika nyuma ya bahasha, kwenye benchi la ofisi hiyohiyo, katika safari yangu ya sita au ya saba:

Nimepanda mshubiri, kwenye chungu barazani,
Mchana hufunga siri, usiku huvuta ndani,
Jua lije kwa jeuri, haliutii shakani,
Subira si kusubiri, ni akiba ya moyoni.

Mwenzangu niliyekaa naye benchini aliusoma, akahesabu mizani kwa vidole, akaniambia kina cha kati kimekaa vizuri lakini mshororo wa pili una haraka. Alikuwa mwalimu wa hisabati. Tulikuwa wanne, wanawake watupu, wote wastaafu, wote wenye barua za daraja ambazo hazikuzaa mshahara. Tulifahamiana kwenye benchi lile. Ni yeye aliyesema kwamba kama mmea wangu unaweka akiba usiku, basi nasi tuweke yetu. Tukaanza kukutana barazani kwangu kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Tulipanga barua zote kwa tarehe, tukatoa nakala, tukaandika kila siku tuliyokwenda dirishani, cheo cha aliyetupokea na jibu alilotupa. Kila barua mpya tuliipeleka kwa pamoja na hatukuondoka bila muhuri wa mapokezi kwenye nakala yetu. Hatukupaza sauti. Yule kijana alianza kutusalimu sote wanne kwa mpigo.

Mwezi wa Machi mwaka huu wawili wetu walirekebishiwa, pensheni pamoja na malimbikizo. Mimi bado. Mwalimu wa hisabati alifariki dunia mwezi wa Juni, faili lake likiwa bado linashughulikiwa.

Naandika hayo kwa ufupi kwa kuwa sina namna ya kuyarefusha. Kaburini kwake tulipanda mshubiri mmoja wa ile ya madoadoa. Watoto wake wako mbali, makaburi yale hayana bomba, na tulitaka kitu ambacho hakitamtegemea mtu kuja na ndoo. Umeshika. Nilipokwenda mwezi uliopita majani yalikuwa yamekunjamana kidogo kuelekea katikati, kama vidole vinavyojifunga, dalili kwamba unakula maji yake yenyewe. Hali hiyo haipaswi kumtisha mtu. Ukiupa maji siku hiyo, kesho yake asubuhi majani yanaanza kujaa tena.

Kuhusu uchungu wenyewe, pana jambo ambalo tashibiha yetu imelisahau. Katika jani la mshubiri, kilicho kichungu ni ule utomvu wa manjano tu, nao hukaa chini kidogo ya ngozi. Ukiuacha utiririke wote na kumenya jani, ndani unakuta ute mweupe unaopitisha nuru, usio na ladha ya kutajika. Sehemu kubwa mno ya jani ni maji. Mmea umeweka uchungu mlangoni ili maji yasiibwe. Mnyama mwenye kiu anayeng'ata jani haendi mbali. Utomvu huo si wa kuchezea hata kwa binadamu: huendesha tumbo kwa nguvu, na mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliuondoa katika dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti. Mama mjamzito asiunywe. Na wale wanaokata majani ya shubiri mwitu na kuyatia kwenye maji ya kuku ili kuzuia mdondo, nawaheshimu kwa kuwa bibi zetu walifanya hivyo, lakini kuku wangu wamepata chanjo.

Mama zetu waliujua uchungu huo kwa matumizi mengine. Mwanangu wa kwanza nilimlikiza kwa shubiri, kama mama yangu alivyonilikiza mimi. Alikuwa na miaka miwili, nami nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda chuo cha ualimu kusomea stashahada. Masomo yalikuwa yanaanza baada ya majuma matatu, na mtoto angebaki kwa bibi yake. Mama alileta jani, akalikata, akanipaka mwenyewe, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Mtoto alikuja mbio kama kawaida yake. Alipoonja hakulia mara moja. Aliniachia, akarudi nyuma hatua moja, akanitazama usoni kama mtu anayehakikisha kwamba hajakosea nyumba. Kisha ndipo alipolia. Mama akambeba, akamtoa nje kumwonyesha kuku, na mimi nikabaki ndani na ile harufu ya jani bichi. Siku ya tatu alikuwa anakula uji na kucheza. Chuoni nilikwenda, na kila nilichokifundisha baadaye kilipita kwenye mlango ule. Mwanangu huyo sasa ana watoto wake, na nikimweleza kisa hiki hucheka, akasema ndiyo maana hapendi kahawa.

Nilikuwa namweleza mjukuu wangu wa kike mambo haya siku moja tulipokwenda pamoja kwenye bustani ya miche. Kijana muuzaji alitusikia tukisema mshubiri, akaturekebisha kwa upole: “Bibi, hii si shubiri, hii ni aloevera. Shubiri ni ile ya porini.” Nilimuuliza tofauti ni nini. Akasema aloevera ni ya sabuni na mafuta ya nywele, shubiri ni ya kuku. Mjukuu wangu alikubaliana naye, maana chupa ya mafuta yake imeandikwa hivyo.

Sikumkatalia. Nilimwambia tu kwamba vera, katika Kilatini, ni “ya kweli”. Kwa hiyo anachokisema kila siku ni kwamba ile ndiyo shubiri ya kweli. Alifurahi, nami nilifurahi. Lakini nyumbani nililifikiria. Mmea huu haujaja kwetu jana ndani ya chupa. Ule mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu kilekile kinachoieleza pwani yetu kwa jina la Azania na kuitaja bandari ya Rhapta, kinataja shubiri pamoja na ubani miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka bandari ya Kane, kusini mwa Bara Arabu. Biashara ya pepo za msimu ilileta vitu na majina yake. Ikiwa binti wa miaka 15 atajua aloevera na asijue mshubiri, atakuwa na mmea ule ule, mafuta yale yale na nywele nzuri; atakachokikosa ni uzi unaotoka kwenye jani hilo kwenda kwenye neno subira, kwa kuwa katika jina la chupani uzi huo haupo. Ndiyo maana naandika mshubiri kwenye vibao vidogo vya vyungu vyangu, kwa kalamu ya wino mzito, na kila mvua ikivifuta naviandika tena.

Mwaka huu minne imetoa maua. Ua la mshubiri hupanda juu ya bua refu kama mkuki, na vichupa vyake huinamia chini vikifunguka kuanzia vile vya chini kwenda juu, hivyo sherehe yenyewe hudumu majuma kadhaa. Ndege wanaoujia ni chozi, wale wadogo wenye mdomo uliopinda na mgongo unaometameta. Hushika bua, hugeuza shingo, hunywa. Nekta ni tamu. Nimeionja kwa ncha ya kidole. Mjukuu wangu ameamua kwamba hilo ni fumbo lililojitunga lenyewe, chozi linalokunywa utamu kwenye shubiri, na anadai nilitungie shairi. Nimemwambia alitunge yeye, kwa kuwa ndiye aliyeliona. Amefikia mishororo miwili, na anagombana na mizani.

Maua yakishanyauka hukata bua karibu na shina, kisha hugeukia machipukizi. Hayo ndiyo mazao halisi ya mshubiri huu wa kijivu, ambao ni nadra kutoa mbegu na badala yake huzaa pembeni mwa shina. Usiyang'oe yakiwa machanga. Mimi hungoja (nasema hungoja) yafikie urefu wa shibiri moja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho. Wapo wanaokiita kipimo hicho nacho shubiri, ingawa mzizi wake wa Kiarabu ni mwingine, wenye shini badala ya swadi. Kwa hiyo msomaji asiwatie hawa katika undugu niliousimulia. Mmwagilie mama yao siku mbili kabla, uwatoe wote chunguni, uachanishe mizizi kwa vidole, na panapogoma tumia kisu safi. Kisha uyalaze machipukizi kivulini, juu ya gazeti, siku tatu hadi tano, mpaka kidonda kifanye ngozi. Kidonda kibichi kikiingia udongoni huoza. Ukishayapanda, usiyape maji kwa juma zima.

Barua yangu ya tano imepokelewa Jumanne iliyopita, ina muhuri. Kijana wa dirishani aliniuliza ninapanda nini siku hizi, maana anaona mikono yangu ina udongo. Nilimweleza. Akaomba chipukizi moja, kisha akakumbuka mahali alipo, akasema labda nilipeleke nyumbani kwa mama yake, isije ikaonekana vingine. Nilimpenda kwa hilo.

Machipukizi ya mwaka huu ni saba. Moja ni la mama wa kijana huyo. Mawili ni ya wale wenzangu waliolipwa, ambao bado huja kila Jumamosi ya pili ingawa hawana tena dai. Moja ameliomba binti wa marehemu, anayefanya kazi Mwanza, na nimemwonya kwamba kule mvua ni nyingi kuliko huku, hivyo alitilie mchanga zaidi. Yaliyobaki matatu yamelala kwenye gazeti chini ya benchi la barazani, vidonda vyake vimeanza kukauka, na vyungu vyake nimekwisha kuvitoboa.